Ulimi wa Nungunungu wa Songwa

Geita,
Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa, Mzee Bujiku,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Songwa shavu limepoa na mwiba uliobaki umeshatoka. Goti la Mama nalo linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Sikupiga simu kwa sababu ungeniita mayu, mama, kwa ile sauti yako, nami ningeshindwa kusema. Mdogo wangu Edson akusomee, na asiruke mstari.

Kwanza habari njema. Ile ncha ya ulimi wa nungunungu uliyoitia kwenye kichupa kidogo nimeikata vipande vyembamba kuliko karatasi, nikavitazama kwa hadubini. Yale magamba uliyosema yanakwaruza kidole yapo kweli, yamepangana kandokando. Kati yake kuna vijinundu, na ndani ya vijinundu mna vionjeo vya ladha, kila kimoja kama kitunguu kidogo kilichochomekwa ngozini. Hakuna hata kimoja kilichoharibika. Dk. Cornel, mwalimu anayenisimamia, alisema aliyeutia kwenye dawa ya kuzuia kuoza aliutia papo hapo, mnyama akiwa bado wa moto.

Sasa aibu yangu. Chupa kubwa, yenye shina la ulimi, ilivuja njiani. Niliona, Baba. Nikaiacha dirishani bila kuongeza dawa, nikakimbilia sendofu ya rafiki yangu Nelly, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, siku mbili. Kurudi, shina lote limekuwa uji. Mwalimu alipouliza, nikasema: "Ni yule mzee mwindaji, hakusoma, alichelewesha dawa." Yule mzee! Wewe uliyeingia shimoni kwa tumbo, kibali mfukoni, ukatoka na miiba shavuni. Akaandika kwenye ripoti kwamba mletaji ndiye aliyeharibu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Juzi, baada ya kuiona ncha, mwalimu akashangaa: mtu yuleyule, siku ileile, chupa moja nzima na nyingine imeoza? Hapo nikamwambia yote, na kwamba wewe ni baba yangu. Akaufuta ule mstari. Utafiti nitaurudia mwakani, na adhabu hiyo ni haki yangu. Akaagiza jina lako liandikwe mbele ya kitabu changu cha utafiti. Najua hapo umeshaanza kupanga kuwatangazia wawindaji wenzako wa ngoma ya nungunungu. Ila mimi siwezi kuliandika kabla sijakuomba.

Nisalimie Mama na shangazi Apolonia. Edson, wabeja, asante, kwa kusoma mpaka hapa. Baba, kama bado unaridhia jina lako likae karibu na langu, mwambie anitumie neno moja tu: andika.

Ni mimi mwanao, niliyekuita yule mzee,
Sesilia Bujiku