Njia ya Punda Tuliyoipanua

Jumatatu, 1 Septemba
Nimetoka mtoni saa tatu. Mitungi minne, punda mmoja, mwanangu Mwende mgongoni. Anaota magego, hataki kushuka. Mto umekauka juu, lakini maji bado yako karibu chini ya mchanga. Nikichota, mkono unaingia mchangani hadi kiwiko tu. Kule chini, malori yanakobeba mchanga, mtu anachimba mpaka kichwa hakionekani. Sehemu yetu tuliifunga. Sisi mwethya, wanawake wa kazi ya pamoja, tulikubaliana wenyewe: hakuna sepetu, hakuna lori, ni kikombe tu. Mchanga ndio tangi letu. Nimechoka, lakini sina la kulalamika.

Alhamisi, 4 Septemba
Tumemaliza kupanua njia ya punda pale ukingoni. Wazo langu. Mgongo haujapona tangu nijifungue, na punda wawili wakikutana pale lazima mtu amwage maji. Mwaitu Ndinda, mwenyekiti wetu, aliuliza, "Hii ni ya punda ama ya ndovu?" Nikamwambia punda wangu ana makalio makubwa. Wote wakacheka. Akaniacha.

Jumapili, 7 Septemba
Lori limeingia tukiwa kanisani. Limepita njia yetu. Ile niliyoomba.
Shimo ni kubwa kama nyumba. Wamechota mpaka kwenye mwamba. Nilikaa chini. Mwende alicheza kwenye alama za magurudumu.

Jumatatu, 8 Septemba
Kwa chifu na Mwaitu. Chifu ameuliza namba ya lori. Nani aliiona? Tulikuwa tunaimba. Amesema ataangalia. Uso wake umesema hataangalia.

Jumatano, 10 Septemba
Maji yanavujia kwenye lile shimo. Yakifika pale jua linayamaliza, na ng'ombe wanayakojolea. Leo mkono umeingia hadi begani.
Mkutano. Wengine walitaka njia ifungwe kabisa. Mama Kyalo, ambaye miguu yake imevimba, aliuliza punda watapita wapi. Njia nyingine ni kuzunguka hadi darajani, asubuhi yote inaisha. Kisha wote wakageuka. Waliniangalia mimi.
Nikasema ifungwe. Nikasema pia sheria yetu naijua, mimi ndiye huandika kitabu: anayefungua mto anatoa mbuzi.
Mwaitu alinitazama sana. "Lori hukuliita," akasema. "Lakini mlango ulikuwa wako." Halafu, "Lete mbuzi, mama Mwende. Na usitulilie kwenye mchuzi."
Nina mbuzi mmoja. Ndiye wa maziwa ya Mwende.

Ijumaa, 12 Septemba
Baba Mwende amepiga simu kutoka Kambu anakofanya kazi. "Unachinja mbuzi wa maziwa juu ya mchanga?" Nimesema ndiyo. Amekata. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Jumamosi, 13 Septemba
Tumefunga. Mawe makubwa kwanza, halafu matawi ya miiba. Mikono yangu imechanika. Mama Kyalo alibeba mawe pia, hakuongea na mimi. Tukala mbuzi hapo hapo mtoni, kama inavyotakiwa. Mimi sikuweza. Mwende alipewa ini. Alikuwa analitafuna huku akigeuka nyuma kuita, "Mbui, mbui," vile humwita mbuzi wake asubuhi.
Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 16 Septemba
Nimeshuka kwa miguu, kando ya miiba. Mtungi mmoja, kamba kwenye paji la uso. Punda amebaki nyumbani, anashangaa.
Nimemweka Mwende kwenye leso. Nimechimba kwa kikombe hadi bega likagusa mchanga. Vidole vimepata unyevu tu. Nimengoja. Mama Kyalo alikuwa anangoja kwenye shimo lake, hatua chache kutoka kwangu. Baadaye amesema, "Huku kwangu yanakuja, polepole." Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu mkutano.
Kwangu pia yamekuja. Kikombe kimoja. Nimempa Mwende. Amekunywa yote, amenirudishia kikombe.
Nimekirudisha shimoni.