Kwa Ami Jamaludin, Fundi wa Eriali wa Kisauni

Mwaka umetimia, Ami, tangu Alhamisi ile ya tarehe 16 Agosti 1962 ulipotutoka. Jamaa walipokaa kuulizana nani akuandikie gazetini, nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nikasema ni haki yangu, kwa kuwa waya wa eriali yako niliupima mimi, na toka Kongowea hadi Mkomani hakuna kijana mwenye mkono wa kupima kama wangu. Wakanikubalia. Hawajui, maskini. Nawe uliondoka hujui.

Nisikimbilie huko. Kuna watakaosoma haya na hawakukujua. Ulikuwa fundi wa umeme bandarini miaka kumi na tisa, na siku zako za mapumziko ulikuwa fundi wa vitu ambavyo watu wengine huvitupa. Waya wa shaba uliutoa kwenye mota zilizoungua. Shingo za chupa za soda ulizikata ukazifunga kwenye ncha za waya, usipate kugusa mti. Mwavuli wa Bi Kuluthum, mkeo, uliutoa mbavu zote ukamrudishia kitambaa, ukamwambia umempunguzia mzigo. Leseni ya kusema na watu hewani uliiomba mara tatu, ukaipata mwaka wa 1959, nayo ukaitia fremu ukaitundika pale ambapo nyumba nyingine hutundika picha ya arusi.

Bi Kuluthum naye hakukuachia hivi hivi. Asubuhi moja ulitoka uani ukakuta kanga zake sita zimeanikwa juu ya eriali.

"Mke wangu, hapo ndipo ninapotolea sauti."

"Na mimi ndipo ninapoanikia," akakujibu. "Sauti yako inahitaji jua?"

Uliuhamisha waya. Kanga hukuzigusa.

Rafiki yako alikuwa Nicanor, mwenzako wa kazini, mtu wa Kisumu aliyekuwa akikaa Changamwe. Ile lugha ya nukta na vistari mlijifunza pamoja, mkigonga vijiko mezani saa ya chakula mpaka wenzenu wakahama meza. Mlipopata leseni, wewe Kisauni na yeye Changamwe, mlisemezana hewani mambo ambayo mngeyasema kesho yake kazini, na kesho yake kazini mkayasema tena. Nilikucheka sana kwa hilo. Sasa ningependa kuyasikia hata mara ya tatu.

Januari ya mwaka jana Nicanor alirudi kwao kabisa. Mliagana hapa barazani, mkaahidiana kwamba kila mmoja atatengeneza eriali mpya ya kufika mbali, na kila Jumapili saa nne asubuhi mtatafutana. Nicanor akakwambia ukimnyamazia atajua umeshiba pilau umelala. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichobaki nawe.

Baada ya Idi kifua kilikuwa kimekulemea, kupanda wala kuinama huwezi, basi kazi ukanikabidhi mimi. Uliniita Profesa, kwa vile nilikuwa sekondari na sikunyamaza. Ukaniambia polepole, kama unayenipa amana, "Profesa, futi thelathini na tatu kila upande. Ukizidisha au ukipunguza, sauti yangu itaishia hapa uani."

Waya niliupimia dukani. Wasomaji wanaojua duka letu la nguo wamekwisha kunikamata. Futi thelathini na tatu ni wari kumi na moja, nami wari nimezishika tangu sijaota meno ya ukubwa. Lakini Baba, yaani kaka yako Barakat, alitulea kwa sheria moja ya duka: kila wari moja ongeza vidole vinne, asije mteja siku ya Kiyama akatushika kanzu kwamba tulimpunja. Mkono wangu haujui wari iliyo kavu. Nilipima kumi na moja upande huu, kumi na moja upande ule, na kila wari nikaifanyia ihsani yake. Karisa, mkwezi wetu wa nazi, akaufunga waya baina ya minazi miwili, nikasimama chini mikono kiunoni kama niliyejenga daraja.

Jumapili ya kwanza Nicanor alikuja wazi kabisa. Alikuita, ukamjibu. Akakuita tena, ukamjibu tena. Nilikuwa nimeanza kuijua ile lugha, nikaisoma karatasi uliyoiandika: "Jamal, sikusikii."

Jumapili kumi na tano, Ami. Alikuwa akikuita kutoka Kisumu, nawe unamsikia kama aliyekaa jikoni, na kila ukimjibu anamaliza kwa neno lile lile. Redio uliifungua ukaifunga tena mara tatu. Ulibadilisha hiki, ukalehemu kile. Ile glopu ya kurunzi uliyoitia kwenye waya wa eriali kukuonyesha nguvu inayotoka, ikawa inawaka kama mtu mwenye usingizi. Ulinitazama siku moja ukaniuliza kama nina hakika na waya. Nikakwambia, "Wallahi Ami, nimeupima kwa mkono wa Baba." Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Ukaniamini. Ulipokwisha kuvilaumu vyombo vyote, ukaulaumu mkono wako. Ulisema labda maradhi yamekufikia vidoleni, unagonga vibaya, watu hawakuelewi. Nilikukuta unajizoeza mezani kwa kijiko kama mwanafunzi, ukagonga herufi moja mara ishirini, ukasimama kupumua, ukaanza tena. Mimi nilifanya mzaha fulani. Siukumbuki, na nashukuru.

Aliyenifungua macho ni Pascalia, mshonaji wa pale njiani. Alikuja mwisho wa Juni kununua kitambaa cha mapazia, wari kumi na moja. Nikampimia, akanicheka.

"Nyinyi wa hapa nawapenda. Nikinunua kumi na moja, nikifika nyumbani nashona kumi na mbili. Mwenzangu akaniuliza, hawa watu wanapimia nini, huruma?"

Mkasi uliniponyoka. Niliuchukua utepe wake wa kupimia nikaupima mguu wangu, meza, mlango, kila nilichokiona, kisha nikakaa chini. Vidole vinne mara kumi na moja. Karibu futi tatu kila upande.

Ijumaa, ulipokwenda msikitini ukimwegemea Baba, nilimsihi Karisa akapanda. Tuliushusha waya, nikaupima kwa utepe wa Pascalia, nikakata kwa koleo lako, tukaurudisha. Vile vipande viwili nilivikunja nikavitia ndani ya begi la shule, na vimo humo mpaka leo.

Jumapili, tarehe mosi Julai, nilikaa nyuma ya kiti chako. Glopu iliwaka ikanitia kiwi. Ulimwita Nicanor mara moja tu, kwa mkono wa mtu asiyetaraji kitu. Kimya. Kisha kalamu yako ikaanza kwenda, nami nikasoma begani kwako:

"Jamal. Nakusikia. Ulikuwa wapi?"

Hukupiga kelele. Ulikiweka kiganja juu ya meza kama unayeituliza, kisha ukamgongea jibu. "Nilikuwa hapa hapa."

Baadaye ukaniambia hali ya anga imebadilika, mwezi wa Julai ni mzuri. Nikaitikia, "Naam Ami, ni anga." Kisha ukavitazama vidole vyako, ukavinyoosha kimoja kimoja, ukafurahi navyo. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kukwambia. Niliiacha ikapita. Na Jumapili iliyofuata nikaiacha, na iliyofuata, kwa sababu kila Jumapili ulikuwa na furaha, nami sikutaka kuitia mkono.

Zikawa Jumapili saba. Nicanor alikwambia mkewe amejifungua mtoto wa kike, wewe ukamwambia mvua imebomoa ukuta wa uani, na mambo mengine ya watu wanaokaa jirani. Kumi na tano nilikula mimi, saba ukapata wewe. Nisamehe, Ami. Ndilo nililotaka kusema mbele ya watu, tangu niliponyoosha mkono.

Nyumba ina nafasi kubwa siku hizi. Hakuna harufu ya lehemu. Hakuna anayeniita Profesa, na sasa ndio kwanza nimelipenda jina hilo. Disemba, inshallah, bendera itapandishwa na nchi itakuwa yetu. Ulikuwa ukisema siku hiyo itakapofika utamwita kila aliye macho duniani, umwambie. Nani atamwambia?

Redio yako Bi Kuluthum ameishonea kifuniko cha kitambaa cheupe. Alituomba asiiwashe mtu, maana akiisikia ile titi-titi ataamka kukutilia kahawa kabla hajakumbuka. Sote tumetii, mimi wa mbele. Nicanor bado yupo hewani. Kila Jumapili saa nne, akimaliza kusema na watu wake, hugonga zile herufi zako ulizopewa na leseni, pole pole, mara moja. Hungoja kidogo. Kisha hufunga.

Unakumbukwa na mkeo Bi Kuluthum; binti yako Zubeida; kaka yako Barakat; dada yako Alawiya; Nicanor na jamaa zake wa Kisumu; Karisa, anayesema minazi ile miwili haikwei mtu mwingine ila yeye; na mimi mwana wa kaka yako, Hadi. Siku zetu zote, tuliobaki, umo ndani yake.

Nilimsomea Bi Kuluthum maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Zile futi tatu hakuzisemea kitu. Aliniuliza tu barua ya Nicanor ya mwisho ilikuja lini. Nikamwambia, kabla ya Ramadhani, si wewe mwenyewe niliyekusomea?

"Basi hayo ya kila Jumapili," akasema, "umeyapata kwa nani?"

Nilitafuta mzaha, sikuupata. Nikainama. Akaniambia, "Andika na hili, Hadi, usilifiche. Jumapili hii ukiiwasha redio usijifungie mlango. Na mimi nataka kumsikia anavyomwita."