Kaka, Mnada Wameufuta

Kaka Bosko mpendwa,

Shikamoo. Siwezi kuanza vingine, ingawa tulikuzika hapa Kipatimu kabla ya mvua za mwaka jana na marahaba yako siisikii tena. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani hakuna wa kumwambia haya bila kugombana.

Unakumbuka tulivyozunguka na pikipiki yako, kigango kwa kigango, kikundi kwa kikundi, hadi Njinjo na Mitole? Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha watu kuchangisha wenyewe, na kujipanga kabla wafadhili wa parokia hawajaondoka. Walikucheka. "Bosko, mzungu hajafunga hata begi, wewe umeshaanza msiba!" Uliwajibu kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, kisha ukachukua jembe ukapalilia nao, maana ulisema mwenye mikono laini hasikilizwi. Nilijivunia sana kuwa mdogo wako.

Wafadhili walipoondoka kweli, ni mnada wako uliolisha chekechea ya parokia. Baada ya misa, pale nje, watu walileta mihogo, korosho, kuku. Ulikuwa ukimshika jogoo juu: "Huyu kaimba kwaya tangu alfajiri, mnataka aende bure?" Aliyemnunua alimrudisha, akauzwa tena na tena, hadi jogoo mwenyewe akachoka. Majirani Waislamu nao walikuja, na Bibi Zuhura hakukosa hata mara moja. "Misa ni yenu, mwanangu," alikuambia, "lakini uji wanakunywa wajukuu zangu."

Kaka, mnada wameufuta. Kamati mpya ilikwenda semina mjini, ikarudi ikisema tunalifanya kanisa gulio. Sasa kuna kadi za ahadi za fedha, na asiyetimiza husomwa jina mbele ya waumini. Nilipinga. Niliwaambia mkulima wa huku hana fedha mkononi mpaka korosho ziuzwe, ila hakosi kuku. Mwenyekiti akanijibu, "Dada, mambo ya marehemu tumwachie marehemu." Nililia pale pale kikaoni, wala sikujificha.

Waliosomwa majina waliacha kuja. Nani atakaa kanisani akiaibishwa mbele ya wakwe zake? Bibi Zuhura alifika na jogoo wake kwapani, wakamwambia siku hizi hawapokei vitu. Akasema, "Haya, wanangu," akaondoka. Sasa nikimwamkia anaitikia, basi. Hasimami tena kuuliza habari za nyumbani.

Zamani uliposema watu hubadilika ukiwavumilia, nilikuamini. Leo siamini. Naamka asubuhi sina hamu hata ya kuvaa.

Unga wa uji wa chekechea umekwisha. Kamati ilinituma mimi niwatangazie wazazi wasiwalete watoto, eti kwa kuwa ndimi mtu wa mipango. Niliwatangazia. Asubuhi hii watoto wamekuja hata hivyo, wakakaa barazani na vikombe vyao. Nikasimama mlangoni, mimi niliyefundisha vijiji vizima kujiandaa, nikawaambia warudi nyumbani. Wakaniuliza kama waje kesho.

Nimewaambia sijui.

Lala, kaka. Huku hakuna unachokikosa.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Tekla