Msiba wa Kipanga

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimerudi kutoka studio kwa miguu, na baridi hii ya Uyole siisikii kwa hasira. Ni Farhan.

Eti Kipanga, ndege yetu ya anga za juu, afe! Jumapili hii hii, kwenye mchezo wetu wa redio. Alipuke, moshi, kwisha. Wiki inayofuata ije ndege mpya, jina la Kizungu, haisemi neno, kazi yake kufyatua tu. Wadhamini wa soda wanataka kitu cha vijana. "Shangazi, Kipanga amechoka," ananiambia, huku anachezea simu.

Amechoka! Nani kamwambia? Mimi ndiye ninayemwandika. Mimi ndiye sauti yake, toka marehemu kaka alipoifungua redio kwa vifaa vya kuungaunga, na huyu Farhan, mtoto wake, akawa analala juu ya makoti yetu studio huku mimi nakoroma na kukohoa kwenye maiki kama ndege mzee. Leo kaka yuko kaburini, mtoto ndiye meneja, na ananifundisha nani amechoka.

Nikamuuliza, hivi unaijua kazi aliyofanya Kipanga? Akacheka. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Basi nasemea hapa.

Alianza kama ndege ya kivita, mwepesi, wa mstari wa mbele kwenye vita vya Zuhura. Bawa likatoboka, likazibwa, likatoboka tena. Vita vilipokwisha wenzake walikwenda kuyeyushwa vyuma. Yeye akang'olewa viti, akafungwa machela, akabeba majeruhi. Kisha mbegu. Kisha barua. Kisha akawa kliniki, na wanawake wamejifungulia humo ndani. Bunduki ya kulia akageuziwa kuwa bomba la kumwagilia! Na vita viliporudi, zile ndege mpya zikageuza mkia, nani alibaki peke yake kuziba njia kwenye pete za Zohali, na bunduki moja tu?

Amechoka, anasema. Mjinga mkubwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekataa kuandika kifo. Nimemwambia mbele ya Halfani, fundi wetu wa sauti, ili asije akasema hakusikia.

Farhan hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema taratibu, "Sawa shangazi, pumzika. Sauti yako tunayo." Akabonyeza kompyuta. Nikajisikia mwenyewe nasema: "Kwaherini, wanangu. Nimewapenda."

Mimi! Sijawahi kuyatamka maneno hayo! Wamechukua kanda zangu zote, wameilisha mashine, mashine inasema chochote wanachotaka. Na imesema vibaya. Kipanga haiti mtu "wanangu". Kipanga anasema "nyie wapumbavu, fungeni mikanda". Tena haivuti pumzi. Inateremka tu, laini, kama mtu anayesoma bei za sokoni.

Halfani aliinamisha kichwa. Aliponisindikiza nje akaniambia kwamba chini ya maneno yale wameweka mlio mpya wa injini, wameutoa kwenye mtandao. Ule wetu wameufuta. Ule ambao yeye mwenyewe alikwenda kuurekodi Rujewa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkanda wake umelegea unapiga pap-pap-pap! Bonde zima la Usangu linajua kwamba injini ya Kipanga ni mashine yao. Wanajivunia.

Nimekula ugali nusu, nimeacha. Nataka kuvunja kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Mungu anipe subira, maana leo nitamfinya mtu.

Mchana namenya viazi, redio imewashwa. Matangazo ya vifo. Sosthenes, mtangazaji wetu, anasoma, na kile kinanda cha huzuni nyuma yake. Watu wa huku wanaacha hata kugombana Sosthenes akisoma, maana hajawahi kutangaza uongo tangu alipoanza. Akamaliza mzee mmoja wa Tukuyu. Kisha, kwa sauti ile ile:

"Inasikitisha kutangaza kifo cha mpendwa wetu Kipanga, kilichotokea angani baada ya utumishi wa muda mrefu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Rujewa, wa Mafinga, wa Iringa mjini na popote walipo. Msiba uko nyumbani kwa Bi Shufaa, Uyole, nyuma ya soko."

Kisu kikaniponyoka.

Kwangu! Msiba uko kwangu!

Nikampigia Sosthenes. Maskini, ananiomba radhi. Anasema aliletewa karatasi, akaambiwa ni tangazo la kuuchangamsha mchezo wa Jumapili. Akamwambia Farhan, "Meneja, mimi tangazo lisilosema msiba uko wapi sisomi, watu wataelekea wapi?" Na Farhan, kwa haraka zake, bila kufikiri hata chembe, akaandika kwangu. Kwa shangazi yake! Sasa mtu mzima utawaambia nini watu? Msiba ukishatangazwa umetangazwa.

Nikampigia Farhan. Anacheka. "Shangazi, watu wanajua ni mchezo, hakuna atakayekuja."

Alasiri jirani yangu Damari kaingia na mzigo wa kuni kichwani. Kautua uani, kanishika mkono. Pole, mama. Nikamwambia, Damari, ni ndege ya kwenye redio! Akasema anajua. "Lakini tangazo limesomwa, mama. Tukae tu majumbani kwetu?" Nyuma yake wengine, na masufuria. Wamewasha moto. Siwezi kuwafukuza, mtu hafukuzi waliokuja kumpa pole. Na mimi ninayejifanya chuma, mmoja aliponikumbatia nililia. Nililia kwelikweli. Hapo ndipo hasira ilipozidi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika chumbani, komeo nimefunga. Uani hakuna pa kukanyaga.

Tangu asubuhi wanakuja. Lori la Fuso limefika kutoka Rujewa na magunia ya mchele na watu wa mashineni, unga wa pumba bado kwenye nywele. Mkubwa wao ni Rozalia, mama mnene, anayeendesha ile mashine yenyewe. Gari letu liliharibika njiani, Igawa, anasema, la sivyo tungelala hapa jana. Hakunisalimia vizuri. Alitaka kujua kwanza kwa nini ameuawa mtu wao bila wao kuambiwa kwamba anaumwa.

Kisha Vitus, seremala wa Mafinga. Simjui, ni msikilizaji tu. "Kamwene, mama," akanisalimu Kihehe. Kashusha jeneza la msonobari, jipya, linanukia utomvu. Anaomba radhi kwamba hakujua vipimo, akachukua vya mtu mrefu, akaongeza kidogo ubavuni kwa ajili ya mabawa. Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikashindwa. Limewekwa katikati ya uani juu ya viti. Wazi. Tupu.

Wakataka wasifu wa marehemu. Nani ausome? Wote wakanigeukia. Nikasimama na khanga yangu ya jikoni, nikaanza: vita vya Zuhura, machela, mbegu, barua. Nilidhani nitasema peke yangu. Loo! "Umeruka ng'ombe!" akapayuka mmoja wa Rujewa. "Alibeba ng'ombe hadi Mirihi, wakamharibia sakafu!" Kweli. Nilikuwa nimesahau. Mwingine: na alivyomgomea rubani mlevi, akakataa kuruka mpaka jamaa apate usingizi. Na alivyogeuzwa kuwa shule! Na alivyojifanya amekufa ili maadui wapite! Wanabishana kipi kilitangulia. Kumbe hayo yote nimeyaandika mimi? Nilisimama pale, nikawapenda, nikamchukia Farhan mara mbili.

Rozalia akainua mkono. Sasa tuambie, aliugua nini? Alitibiwa wapi? Maana wasifu hauishi bila hayo. Nikasema sijui. Mimi sikumwandikia ugonjwa. Nikasema, muulizeni aliyetangaza.

Na aliyetangaza, Farhan, ndio kwanza anaingia getini! Miwani ya jua, kijana wa kamera nyuma yake, kaja kupiga picha za kuweka mtandaoni. Wakamvua miwani. Wakamkalisha mkekani kabisa, mbele ya jeneza, kama mfiwa mkuu, wazee wakampa mkono mmoja mmoja. Pole baba. Pole sana. Akawa anatabasamu, kisha tabasamu likawa halina pa kukaa.

Akaeleza. Jamani ni mchezo. Wakamwambia wanajua ni mchezo, wao si watoto. Aliugua nini?

Akatoa simu. Alidhani itamwokoa. Akawachezea: "Kwaherini, wanangu. Nimewapenda."

Hata waliokuwa wanakoroga wali waliacha mwiko.

"Huyo nani?" Rozalia akauliza.

"Si ndiye Kipanga, mama," Farhan akajibu. " Maneno yake ya mwisho."

"Hapana. Kipanga tunamjua. Sisi ndio injini yake. Huyo ni mtu mwingine." Akaenda akachungulia ndani ya jeneza, polepole, kama anayetafuta kitu kidogo. "Mwili uko wapi?"

Farhan akasema hakuna mwili. Akasema alilipuka, vipande vimetawanyika. Vitus wa Mafinga, mpole vile, akamjibu kwamba hata vipande huokotwa, watu hawazikwi kwa tangazo. Wengine wakaitikia. Hakuna mwili hakuna maziko! Na msiba hauondoki mpaka maziko. Wakatandika mikeka mingine. Wale wa Rujewa wakafungua gunia la pili.

Hapo ndipo nilipoingia chumbani. Nilihisi nikibaki nitampiga mbele za watu, na ni mtoto wa kaka yangu.

Sasa yuko mlangoni. Anagonga kwa kucha, kama alivyokuwa akifanya mdogo akitaka kitumbua.

"Shangazi. Wananiuliza mwili. Fungua basi."

Naendelea kuandika.

"Wamekataa kula. Wamesema hawali mpaka waelezwe. Yule mama alinishika mkono, hakuniachia mpaka niliposema nakuja kukuita. Toka useme kitu. Useme kwa ile sauti yake. Neno moja tu, shangazi, waondoke."

Ile sauti yake! Jumatano alikuwa nayo kwenye kompyuta, hakunihitaji.

Nikamwambia, si nimechoka? Si nipumzike? Kamwambie kompyuta yako.

"Kompyuta haiwezi kuwajibu wanachouliza."

Na kesho, nikamuuliza. Kesho kwenye mchezo inaruka sauti ipi, yangu au ya kompyuta?

Nasikia anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Uani hatua zinasogea, watakuwa wanatusikia, ukuta wenyewe wa matofali mabichi. Nimekohoa, ili kusafisha koo tu, kikohozi changu cha siku zote, kile kile cha Kipanga—

Huko nje watu wamesimama. Nasikia mikeka. Rozalia anasema, "Ndiye huyo! Mnamsikia? Mzima huyo!"

Farhan anagonga kwa ngumi sasa.