Udi wa Alhamisi

Bibi yangu,

Tulikwenda. Mimi na Salma, binti wa ami, wajukuu uliotulea hapa Mji wa Kale kwa hadithi za Unguja, uliyoikimbia wakati wa mapinduzi ungali kigori.

Nyumba yenu ya huko Unguja tuliijua kwa baraza lake lililomeguka kona, kama ulivyotuambia. Nilipiga hodi kwa woga, maana ulitutoka ukisema, "Nyumba ile imeshanisahau." Neno hilo lilikuwa limenikaa rohoni.

Alitufungulia mama mmoja mtu mzima, Bi Zuhura. Aliposikia sisi ni wajukuu wa nani, alitumiminia kahawa, kisha akauliza: "Nani kwenu alikuwa akifukiza udi?"

Alisema tangu aolewe mle, kila Alhamisi baada ya alasiri ghorofa ya juu hunukia udi, wala hakuna aliyewasha makaa. Walimleta mwalimu akasoma dua, udi haukukoma. Wakazoea. "Basi tangu mwezi wa Rajabu umekatika. Nyumba imekuwa baridi, wanangu."

Bibi, wewe ulikufa Rajabu.

Salma alilia. Mimi akilini nilikiona chetezo chako tu, ukizunguka nacho vyumbani huku kwetu kila Alhamisi, halafu unasimama kwenye dirisha la kusini, linaloelekea Unguja, unaupepea moshi kwa ncha ya mtandio na kusema, "Na kwetu nako." Tulikuwa tukikucheka. Nisamehe.

Tulipoagana tuliachiana nambari za simu. Niliporudi, nilinunua vipande vya udi nikaupika mwenyewe, kwa sukari na marashi, kama nilivyokuwa nikikuona. Wanijua mimi na soga. Nilimgeukia jirani mlangoni kidogo tu, shira ya sukari ikaungua. Nikaona haya kuutupa, nikauviringa vivyo hivyo. Alhamisi nikafukiza, nikasimama pale pako. "Na kwetu nako," nikasema, nikajiona mjinga.

Sikumwambia mtu, hata Salma. Ijumaa asubuhi ukaja ujumbe wa Bi Zuhura: "Mwanangu, udi umerudi. Lakini safari hii una harufu ya sukari iliyoungua."

Niliogopa, Bibi, sikufichi. Nilikaa chini jikoni. Kisha nikacheka mpaka nikalia.

Nyumba ile haikukusahau. Lala sasa, pumzika. Nakuahidi hakuna Alhamisi itakayopita bila moshi dirishani, na shira sitaipa kisogo tena.

Mjukuu wako,
Rukia