Bosi Akiuliza

Shoga, sijui kama shemeji yako kazi bado anayo. Yupo hapa kitini, viatu miguuni, anaangalia ukuta.

Si unajua kazini kwao wanatengeneza programu ya kusoma mafaili ya mipangilio ya kompyuta? Yeye anaitegea makosa makusudi, aone itakwama wapi.

Leo, mbele ya bosi na wateja, akafungua alama za nukuu ndani ya faili, hakuzifunga. Programu haikukwama. Ikadhani yote yanayofuata ni nukuu, ikameza mpaka ujumbe aliomwachia mwenzake wa kazini humo humo, ule usiopaswa kuonekana, ikauanika kwenye skrini ya ukutani:

"Bosi akiuliza, mwambie iko tayari."

Skrini ya ukutani, shoga!

Bosi kasoma. Kasoma tena. Kavua miwani.

"Haya, nauliza. Iko tayari?"

Shemeji yako akamwambia iko tayari.