Nilipomuuliza Baba Kama Amefunga Gesi

Nyumbani, mlango wa kijani
Jumapili, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole na kazi. Je, mgongo umepoa, au bado unashuka ngazi za ofisini kiubavu? Wifi yangu hajambo? Na Bonge wetu, ameacha kutafuna penseli za shule? Niandikie yote, hata yale madogo unayodhani hayana maana. Sisi huku tu wazima, ukiacha lile unalolijua.

Nianze na mama, maana najua macho yako yanamtafuta yeye kwanza. Mkono unapona. Bandeji ilitolewa Jumanne, na muuguzi alisema ngozi mpya imeshika vizuri, ila vidole viwili bado havijikunji sawasawa. Nyusi zimeanza kuota. Anajitazama kwenye kioo na kulalamika kwamba zimerudi nyembamba kama za msichana, watu watadhani anatafuta mchumba. Nywele namchana mimi, naye analia "unaniumiza" vilevile tulivyokuwa tukimlilia yeye.

Baba hajambo kwa mwili. Anakula kidogo, anashinda uani amekalia ndoo iliyopinduliwa, gari lake kaligeuzia mgongo. Gari lenyewe, lile kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, ambalo alikuwa akiligeuza nyumba ya safari, amelifunika turubai na kulizungushia kamba. Sanduku la spana amelisukuma chini ya kitanda. Wiki iliyopita bomba la jikoni lilianza kuvuja, na baba, kaka, baba aliyehudumia mabomba ya hospitali nzima kwa miaka thelathini na minne, akaniambia nikamwite fundi.

Simu yako ikiita anatoka nje. Najua ulichomwambia siku ile kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Ulisema asimguse tena mama yako na vyuma vyake. Sikulaumu. Uliyasema hayo kwa sababu ya nilichokuambia mimi, na ndiyo maana leo nakuandikia badala ya kupiga. Kwenye simu ningelia, ungenibembeleza, na mambo yangeishia hapo.

Nilikupigia kutoka kwenye ukumbi wa hospitali, nikakuambia, "Baba aliacha gesi wazi." Haukuwa uongo. Lakini haikuwa kweli yote, na iliyobaki nimekaa nayo wiki sita.

Jumamosi ile asubuhi baba alikuwa akiunganisha gesi kwenye jiko la gari. Unajua walivyolingojea jiko hilo. Kitanda kilikuwa tayari, maji yalishafika kwenye sinki, limebaki jiko tu, kisha wafunge safari waje kwako wenyewe, polepole, wakilala njiani na kujichemshia chai yao. Mama hajawahi kuona unapoishi. Alishaamua hata upande atakaokaa Bonge watakapomtembeza. Mtungi baba aliuweka kwenye kisanduku cha nyuma chenye mlango wake wa nje, na chini yake akatoboa matundu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja inalala sakafuni. Kutoka hapo akapitisha bomba la shaba chini ya gari hadi nyuma ya jiko. Nilimwona akilipima mara tatu kabla ya kulikata. Hakufanya kazi ya kubahatisha, kaka.

Saa tano hivi akamaliza, akafungua mtungi ili ajaribu maungio. Alikuwa na bakuli la maji ya sabuni na brashi yake ya zamani ya kunyolea. Unapaka povu kila mahali palipounganishwa, na likianza kutoa viputo, hapo panavuja. Alianzia mtungini, akaingia chini ya gari, akawa anakuja mbele kidogo kidogo. Ungio la mwisho, lile la nyuma ya jiko, hakuwa amelifikia.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameingia na jiko dogo la mafuta ya taa, akaliweka sakafuni ili atuchemshie chai, maana jiko jipya lilikuwa bado halijakabidhiwa. Mimi nilikaa mlangoni nikipinda mapazia, mdomo umejaa pini. Mama akasema, "Hebu mwambie baba yako nasikia harufu. Muulize, amefunga gesi?"

Kaka, mimi ndiye mnayemwita Chiriku. Mimi nikitumwa chumvi narudi na habari za mtaa mzima. Siku hiyo moja, kwa sababu ya pini, nikaamua kufupisha maneno. Harufu sikuitaja kabisa. Niliinama nikasema kwa pembe ya mdomo, "Baba, umefunga gesi?"

Akanijibu kutoka chini, na sauti yake ilikuwa na furaha, "Nimefunga! Tena imekaa barabara!"

Nikamgeukia mama nikamwambia, "Amefunga."

Unaona lilipotokea? Mama aliuliza kama gesi imezimwa. Baba alisikia fundi anaulizwa kazi yake. Kwake kufunga gesi ni kama kufunga sinki au kufunga taa, na toka tuko wadogo nyumbani mwetu "baba kafunga" maana yake njooni mfungulie, maji yanatoka. Kila mmoja alisema kweli yake. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, nikachukua maneno nusu nikaacha nusu. Baba angesikia neno harufu, angetoka chini ya gari mbio.

Mama akawasha kiberiti.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Ulikuwa mwali wa buluu uliopita sakafuni, ukapanda mkononi na usoni mwake, ukashika mapazia mawili niliyokwisha kuyatundika. Mimi nilisimama tu, pini bado mdomoni. Baba sijui alitokaje kule chini. Aliuzima mtungi, akaingia, akamtoa mama amemkumbatia kifuani, na shati lake lilikuwa limechanika mgongo mzima.

Hospitalini, nilipokwisha kukupigia, alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi. Akasema polepole, "Lakini uliniuliza, mwanangu. Nikakuambia nimefunga. Bomba, regulata, mpira, vyote nilifunga." Hapo ndipo nilipoelewa, na nikanyamaza. Wewe ulishamkasirikia yeye, na kwangu ilikuwa rahisi kukuacha uendelee. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama nimemweleza juzi. Alisema harufu aliisikia kwa pua yake mwenyewe, na mtu mwenye pua hana haja ya kumtuma mtu. Basi. Hataki tena tuizungumze.

Sasa kama hasira ipo, nikasirikie mimi, nitaistahimili. Ila mpigie baba. Usimpigie kwenye simu ya mama, mpigie kwenye yake. Usianze na msamaha mrefu, atatafuta sababu ya kutoka nje. Muulize tu ungio la nyuma ya jiko alilifungaje, na umwache aeleze mpaka achoke.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichokiagiza nimekipata. Mbusu Bonge, mwambie shangazi anamdai barua. Mama anawaombea heri na afya nyote. Baba hakutuma salamu, lakini leo asubuhi nilikwenda kukaa naye uani nikamsomea barua hii yote mpaka hapa.

Alisikiliza akitazama mikono yake. Akasema fundi akiwa anajaribu gesi, mtu yeyote hapaswi kuwa ndani, na hilo alilijua yeye, si mimi wala mama. Kisha akaniambia nifute. Nifute ya pini na ya harufu, nikuandikie habari za mkono wa mama tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi hasira ya kaka yako nitaibeba, haitakuwa miaka mingi. Sisi tukiondoka mtabaki wawili."

Sikufuta. Mungu akulinde huko uliko, kaka, na akupe moyo wa kuinua simu.

Wako nikupendaye hata ukinikasirikia,
mdogo wako,
Chiriku